CDLI: vibao vya kikabari bila nauli ya London

Kwa mwanafunzi wa Makerere au mwalimu wa historia kule Mbarara, CDLI (Cuneiform Digital Library Initiative), maktaba ya mtandaoni, ndiyo njia rahisi ya kuvifikia vibao vya udongo vya Mesopotamia (Iraq ya leo) vyenye kikabari, yaani mwandiko wa alama za umbo la kabari, vilivyotawanyika London, Berlin, Paris na Yale. Haina malipo, na ina rekodi zaidi ya 300,000. Ila ukiingia bila kujua mlango, utatoka na orodha ndefu ya namba tu.

Tafuta kwa namba ya makumbusho, mathalani YBC 7289, kibao cha Yale chenye kipeuo cha pili cha 2 kilichokokotolewa hadi 1.41421. Kila rekodi ina namba yake inayoanza na P na tarakimu 6. Inakili, maana tahajia za majina hubadilikabadilika.

Anayeanza aende kwenye vibao vya Drehem, mahali pa kale huko Iraq, enzi ya Ur III (nasaba ya tatu ya mji wa Ur), yapata 2100 hadi 2000 KK. Ni hesabu za mifugo, maneno ya Kisumeri yanajirudia: udu ni kondoo, gu4 ni ng'ombe dume, na niga ni aliyenoneshwa kwa nafaka (wafugaji wa Ankole watajisikia nyumbani). Tarakimu zinataka mazoea: disz ni 1, u ni 10, gesz2 ni 60. Basi 1(gesz2) 2(u) 3(disz) ni 83. Mabano ya mraba maana yake sehemu imevunjika na msomi amejazia, kwa hiyo usiinukuu kana kwamba ameiona.

Picha nyingi zimepigwa kwa skana, nyuso na kingo zikapangwa kama msalaba. Kibao hugeuzwa kutoka chini kwenda juu, si kama ukurasa wa kitabu. Asiyejua hilo husoma mgongo kichwa chini. Mwanga wa skana nao hutoka upande mmoja, hivyo alama zisizo na kina hupotea. Hapo linganisha na mchoro wa mkono, kama upo.

Udhaifu mkubwa ni tafsiri. Rekodi nyingi hazina, na zilizopo nyingi ni za Kiingereza. Nyingine hazina hata picha. Picha kubwa pia zinakula bando: fungua maandishi kwanza, hakikisha ndicho kibao unachotaka, ndipo upakue picha ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.