Uzoefu wangu: Kupima sarafu ya tembo ya Tabora tuliyoachiwa na bibi

Bibi aliivaa shingoni kama kidani mpaka uzeeni: sarafu ya dhahabu ya rupia 15, fedha ya enzi za Mjerumani, iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Baada ya arobaini yake wajomba wakaanza kuitajia mamilioni, kila mtu na yake, na mimi nikakabidhiwa kazi ya kutafuta ukweli.

Sonara wa kwanza hapa Dar aliisugua kwenye jiwe, akadondosha tindikali, akasema karati 18, akanitajia bei kwa gramu. Hakunidanganya. Sarafu hizi zilitengenezwa kwa dhahabu ya 750, na katika uzito wake wa gramu 7.168 dhahabu tupu ni kama gramu 5.4. Ila ukiuza kwa mizani umeuza madini tu, sarafu umeitoa bure. Madalali wa rupia za Mjerumani ndio usiseme: mmoja aliniuliza kama inavuta punje za mchele, ule utapeli wa kudai sarafu za kale zina nguvu za ajabu. Nikakata simu.

Huduma niliyoishia nayo ni ya mtathmini wa sarafu za kikoloni aliyeko Ujerumani. Unaanza kwa kutuma picha za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na uzito na kipenyo, unalipa ada ndogo, naye anakwambia kama inafaa kuendelea. Wengi huishia hapo, maana sarafu hii imeigwa mno. Yetu ikavuka. Kabla haijatoka nchini nilipita kwanza ofisi ya serikali ya Mambo ya Kale kuuliza utaratibu, na wewe usiruke hatua hiyo, kwa sababu sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na hutaki kubishana nayo uwanja wa ndege. Kisha dada anayeishi huko akaipeleka mkononi.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya ada yangu. Mtathmini alimweka dada kwenye lenzi na kumwonyesha tembo aliyeinua mkonga mbele ya Kilimanjaro, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Upande wa tai akamwonyesha ncha ya pambo la kulia: kuna sarafu ambazo ncha hiyo inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA (Afrika Mashariki kwa Kijerumani), na nyingine chini ya A. Yetu ni ya A. Akaeleza pia kwamba zilitoka karakana ya reli wakati manowari za Waingereza zimeziba pwani na fedha haziingii, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, na kwamba zote hazikuzidi sana 16,000. Kwa hiyo ugongaji hafifu hapa na pale haumtishi. Kinachomtisha ni vijishimo laini vya sarafu bandia ya kumimina kwenye kalibu.

Halafu akaigeuza ukingo. Juu kabisa kuna alama ya lehemu, pale kilipokuwa kitanzi cha kidani, na fundi aliyekiondoa alipiga tupa. Ni halisi, akasema, lakini wanunuzi wa minadani wataikwepa au wataishusha, na kampuni za kupanga sarafu kwa madaraja ya ubora haziwezi kuipa daraja safi. Akakata zaidi ya theluthi ya makadirio. Wajomba walinuna. Mimi nilimwamini zaidi kwa hilo, maana mtu anayetaka kukufurahisha asingeitaja kabisa.

Walinuna tena kwenye historia. Nyumbani tunasimuliwa kwamba baba yake bibi alikuwa askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na alilipwa sarafu hiyo. Mtathmini aliomba karatasi yoyote, hatuna, basi akaandika "kwa maelezo ya familia" na akagoma kuongeza neno. Sahihi kabisa. Wabelgiji waliwanyang'anya Wajerumani Tabora Septemba 1916, na baada ya hapo dhahabu hiyo ingeweza kupita mikono mingi kabla ya kufika kwa sonara aliyetia kitanzi.

Manung'uniko yangu: gharama ya bima ya kuirudisha ilitajwa mwishoni, wakati sarafu iko mikononi mwao, na ripoti ya kwanza ilikuja bila picha ya ukingo, yaani sehemu yenyewe iliyoshusha bei. Nilipodai wakaituma bila ubishi. Ripoti ni kwa Kijerumani au Kiingereza tu, na inatoa makadirio mawili, ya bima na ya mnada. Ukiwasomea ndugu zako, soma la mnada. Nawapa nyota nne.