Uzoefu wangu na Beagle: kutenganisha haplotaipu nikiwa Tanga

Kama unafanya kazi ya vinasaba na huna seva ya chuo karibu, programu ya kompyuta iitwayo Beagle inakutosha. Ninaitumia hapa Tanga kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na kromosomu ya 11 yote inapita bila kumwomba mtu msaada. Ni ya bure. Imetengenezwa na Brian Browning wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na haitaki kitu zaidi ya Java.

Kazi yake ni hii. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kromosomu, moja ya mama, moja ya baba. Mashine ya kusoma herufi za DNA huzisoma zote kwa mpigo, kisha inakwambia: hapa ana A na T, mbele kidogo ana C na G. Haikwambii A imekaa nakala moja na C au na G. Ndiyo maana kwenye faili la VCF, linaloorodhesha mahali watu wanapotofautiana, unakuta 0/1 (0 ni herufi ya rejea, 1 ni iliyobadilika), na mkwaju katikati. Beagle ikishapita, mkwaju unageuka mstari wima, 0|1. Kuanzia hapo vya kushoto vyote ni vya nakala moja, vya kulia ni vya nyingine. Mfuatano wa herufi zilizokaa pamoja kwenye nakala moja ndio haplotaipu. Nilipoiona safu nzima imejaa mistari wima nilifurahi mno.

Kwetu jambo hili lina uzito. Chukua selimundu: badiliko lenyewe ni la herufi moja tu kwenye jeni ya beta globini, lakini linakuja limezungukwa na haplotaipu tofauti, zilizopewa majina ya Bantu, Benin, Senegal, Kameruni na Arabu-India. Mwaka 2018 watafiti Daniel Shriner na Charles Rotimi walizitumia haplotaipu kuonyesha kwamba badiliko hilo lilizuka mara moja tu, takriban miaka 7,300 iliyopita. Hitimisho kama hilo hulifikii ukiwa na mikwaju.

Sasa, Beagle inajuaje? Inalinganisha sampuli zako zenyewe kwa zenyewe, na ukiipa, pamoja na hazina ya haplotaipu za watu wengine. Hapa ndipo roho inaponiuma. Hazina inayotumika sana, ya 1000 Genomes, mradi wa kimataifa wa kusoma DNA za watu, ilikuwa na watu 2,504 wa makundi 26. Bara la Afrika lina makundi matano: Wayoruba na Waesan wa Nigeria, Wagambia, Wamende wa Sierra Leone, na Waluhya wa Webuye, Kenya. Mdigo hayumo, Msambaa hayumo, Mbondei hayumo. Jirani yetu wa karibu ni Mluhya. Mabadiliko yanayopatikana kwa wengi yanapangwa vizuri, ila yale adimu yanayumba, na badiliko lililoonekana kwa mtu mmoja tu halina ushahidi wowote wa kuliweka upande huu au ule.

Nikaipima kwa data za wazi za familia za Wayoruba. Niliwaondoa wazazi, nikaiacha Beagle imtenganishe mtoto, kisha nikawarudisha wazazi na kulinganisha. (Mahali ambapo baba, mama na mtoto wote ni 0/1 panarukwa, maana hata wazazi hawasaidii.) Inakwenda sawa masafa marefu, kisha ghafla inahama: cha mama kinaitwa cha baba, na vyote vinavyofuata vinakuwa kinyume mpaka ihame tena. Kwa jeni moja hilo halikusumbui sana. Kwa kromosomu nzima, usiape kwamba upande wa kushoto ni wa mama kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ninachokilalamikia ni kwamba inajaza nafasi zilizokosa data bila kelele. Faili la matokeo halina pengo hata moja, kwa hiyo tunza faili la awali. Angalia pia majina: faili moja likiandika chr11 na jingine 11, hayataelewana.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba data haitoki mezani kwangu. Zipo huduma za mtandaoni zinazofanya kazi hii bure, lakini sampuli za watu wetu zina vibali vyake, na kuzituma nje si suala la kubofya tu.

Mwenye data za mzazi na mtoto ajue kwamba matoleo ya 5 hayatumii undugu. Toleo la 4.0 lilikuwa linautumia, na kwa familia ningeanza na hilo.