Uzoefu wangu wa vihisi vya joto na unyevu katika banda la vifaranga

Nilitaka mtambo mdogo wa kuwasha na kuzima taa za kupasha joto bandani, kwa kuwa vifaranga huhitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za Sentigredi katika wiki ya kwanza, na baada ya hapo joto hupunguzwa hatua kwa hatua. Mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha mtambo) niliyochagua ni ESP32, inayotumia volti 3.3, na hilo lilitosha kukiweka kando kihisi cha joto cha LM35, ambacho huhitaji angalau volti 4.

Kihisi cha joto na unyevu cha DHT11, ambacho hakikosekani katika seti za wanafunzi wa elektroniki, kinafaa kwa kujifunzia tu, maana usahihi wake wa nyuzi 2 juu au chini ni mpana mno kwa kifaranga wa siku moja. Nduguye, DHT22, kina usahihi wa nusu nyuzi, na ingawa husomwa mara moja tu kila baada ya sekunde 2, joto la banda halibadiliki upesi kiasi cha kuufanya muda huo kuwa kasoro. Hata hivyo, baada ya kukaa katika vumbi la maranda na hewa yenye amonia, kile nilichotumia kilianza kuonyesha unyevu mkubwa hata mchana wa jua kali, huku kipimo chake cha joto kikibaki sawa.

Kwa joto pekee, sijaona kinachokizidi DS18B20 kilichofungwa ndani ya kijibomba cha chuma. Vumbi halikigusi, unaweza kukipangusa kwa kitambaa chenye maji, na kwa kuwa kila kimoja kina namba yake ya biti 64, vihisi kadhaa huunganishwa kwenye waya mmoja wa data kwa rezista (kipingamizi cha umeme) moja ya kilo-omu 4.7. Jambo la kuangalia ni kwamba kabla ya kupima kwa mara ya kwanza tangu kuwashwa, kihisi hiki hutoa jibu la nyuzi 85. Programu isipolikataa jibu hilo, umeme ukikatika na kurudi usiku, taa zitazimwa wakati vifaranga wanatetemeka kwa baridi. Kikiwekwa kwenye biti 12, yaani kiwango chake cha kupima kwa undani zaidi, kipimo kimoja huchukua hadi milisekunde 750, kwa hiyo usiisome namba kabla ya muda huo kupita.

BME280 hupima joto, unyevu na kanieneo ya hewa, na ni kizuri, lakini mnunuzi awe macho: nimeuziwa BMP280, kisichopima unyevu, kwa jina la BME280. Dawa ni kusoma rejista (sehemu ya kumbukumbu ya kihisi) 0xD0, inayohifadhi utambulisho wa chipu, ambapo BME280 hujibu 0x60 na BMP280 hujibu 0x58. Vilevile kisikae karibu na ESP32, ambayo hupata joto inapotuma data kwa Wi-Fi na kukifanya kihisi kipime joto la bodi badala ya hewa.

Unyevu sasa napima kwa SHT31, chenye usahihi wa takribani asilimia 2 na kipasha joto kidogo cha ndani kinachosaidia kukausha umande. Nimekitundika juu, mbali na vinyweshea maji, na vihisi viwili vya DS18B20 viko chini, usawa wa migongo ya vifaranga, kimoja chini ya taa na kingine pembeni. BME280 nimekihamishia nje, kivulini, kupima hali ya hewa.