Seva za programu za Java: ipi uchukue, na uipange vipi kwenye terminali

Injini nyingi za kuendesha programu za Java zilizomo humu hazina bei ya leseni. Unacholipia ni RAM ya mashine ya kukodi kila mwezi, pamoja na muda wa fundi atakayeamshwa saa nane usiku mfumo ukigoma. Ndiyo maana nimezipanga kwa swali moja: je, mipangilio yake yote inaandikika kwa amri au kwenye faili la maandishi, ili mtu mwingine aweze kuirudia bila kukupigia simu? Injini inayokulazimisha kubofyabofya kwenye kivinjari nimeishusha, hata iwe na sura nzuri namna gani.

Kabla ya yote, angalia msimbo wa programu yako unaita javax.servlet au jakarta.servlet, yaani maktaba ya servleti, vipande vya Java vinavyojibu maombi ya kivinjari. Java EE, viwango vya Java kwa programu za seva, ilipohamia Eclipse Foundation, jina la javax lilibaki mikononi mwa Oracle, na kuanzia Jakarta EE 9 (Jakarta EE ndilo jina jipya la Java EE) ya mwaka 2020 majina yakabadilishwa. Kwa Tomcat, injini ya kwanza kwenye orodha hii, toleo la 9 linasoma javax. Tomcat 10 na 11 zinasoma jakarta. Hapa ndipo wengi hukwama. Debian 12 na Ubuntu 24.04 zinakupa tomcat10 kwa apt, unaweka faili lako la WAR (kifurushi cha programu) la zamani, seva inawaka bila kulalamika, halafu ukifungua ukurasa unakutana na 404, yaani ukurasa haukupatikana. Hakuna kilichoharibika, ni injini tu haizioni servleti zako. Wanaohudumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wanalijua vizuri: matoleo yake ya miaka mingi yanataka Tomcat 9, na toleo jipya la Tomcat halikusaidii kitu hapo.

1. Tomcat

Kama una mashine ya GB 2 au 4 na programu moja au mbili, chukua hii, usijisumbue. Ni nyepesi, na fundi anayeifahamu hatafutwi kwa tochi.

Jambo la kwanza kupanga ni kumbukumbu. Ukiiacha hivihivi, kwa kawaida Java hujiwekea kikomo cha robo ya RAM, kwa hiyo mashine ya GB 4 inakupa heap (kumbukumbu ambayo Java huitumia kuhifadhi data za programu) ya GB 1 tu. Tengeneza faili bin/setenv.sh na, kwa mashine ya GB 4, uandike ndani yake:

export CATALINA_OPTS="-Xms1g -Xmx2g"

-Xms ni heap ya kuanzia, -Xmx ni kikomo chake. Kinachobaki waachie mfumo endeshi na PostgreSQL, kama hifadhidata iko kwenye mashine hiyohiyo. Wengi huandika JAVA_OPTS badala ya CATALINA_OPTS, na seva inawaka vilevile. Tofauti huonekana siku ya kuzima. JAVA_OPTS hutumika hata kwenye amri ya kuzima, kwa hiyo Java ya pili, ambayo kazi yake ni kutuma neno moja tu kwenye poti 8005, nayo inadai GB 1 yake kwanza. RAM ikiwa imebana, amri ya kuzima yenyewe inaweza kushindwa kuwaka, na wewe unabaki na kill -9, yaani kuiua kwa nguvu.

Ukigusa conf/server.xml, endesha catalina.sh configtest kabla ya kuwasha upya. Na kama toleo lako ni la kabla ya 2020, funga AJP (njia ya kuiunganisha Tomcat na seva ya wavuti kama Apache) kwenye poti 8009 ikiwa huitumii. Huko ndiko ulikopitia udhaifu wa kiusalama uitwao Ghostcat. Matoleo yaliyofuata huja yakiwa yameizima.

2. Jetty

Jetty 12 ina kitu ambacho Tomcat haina: programu ya javax na ya jakarta zinakaa kwenye seva moja bila kubadilishwa kwanza. Unaongeza moduli kwa amri:

java -jar $JETTY_HOME/start.jar --add-modules=http,ee8-deploy,ee10-deploy

Kisha kando ya WAR ya zamani unaweka faili dogo la properties lenye environment=ee8. Yote unayoyapanga hukaa kwenye JETTY_BASE (folda yako), nayo JETTY_HOME (folda ya Jetty yenyewe) haiguswi, kwa hiyo kupandisha toleo ni rahisi na folda yako inaingia Git bila takataka. Kwa mpangilio safi inaishinda Tomcat. Nimeiweka ya pili kwa sababu inataka Java 17 kwenda juu, na huku kwetu fundi wa Jetty si wa kumpata kila kona.

3. WildFly

Kwa amri pekee, hii ndiyo bora kuliko zote. Unafungua jboss-cli.sh --connect, unabonyeza Tab, nayo inakuonyesha kinachowezekana. Ukibadilisha kitu kisichoweza kuanza papo hapo, inakujibu reload-required, hukai ukibahatisha kama mabadiliko yameingia. Amri zako ziweke kwenye faili moja uliendeshe kwa --file. Ukiharibu, nakala za mipangilio ya awali zimo kwenye folda ya standalone_xml_history. Tatizo ni uzito: ichukue pale programu inapotumia kweli EJB (vipande vya mantiki ya biashara) au JMS (utumaji wa ujumbe kati ya programu). Ya javax inabaki WildFly 26; kuanzia 27 ni jakarta.

4. Payara

Ni tawi la GlassFish, seva ya Java EE iliyokuwa ya Oracle, lililoanza baada ya Oracle kutangaza mwaka 2013 kwamba inaacha msaada wa kibiashara. Amri yake ni asadmin, na mimi naipendea ping-connection-pool: unajua kama hifadhidata inafikika kabla hujapandisha programu.

Open Liberty ya IBM ni nzuri kwa wanaotumia konteina, kwa kuwa unawasha vipengele unavyovihitaji tu ndani ya server.xml.

Za kulipia

JBoss EAP, WebLogic na Payara Enterprise zina maana pale mkataba unapodai msaada wa maandishi. Uliza toleo lako litahudumiwa hadi mwaka gani, na simu itapokelewa saa za wapi. Muuzaji akija na WebLogic, mwombe aunde chanzo cha data mbele yako kwa WLST (zana ya amri ya WebLogic), bila kufungua kivinjari. Akishindwa, arudi siku nyingine na fundi wake.