Magereza au petroli: nini kilipunguza mauaji Marekani?
Kwenye kijiwe cha kahawa Mikindani tulibishana hadi birika likapoa. Mauaji yakipungua katika nchi, sifa apewe nani?

Mzee mmoja alishikilia polisi na magereza. Marekani mwaka 1991 waliuawa karibu watu 10 kwa kila wakazi 100,000. Kufikia 2000 hawakufika 6. Ni kweli, askari waliongezwa na magereza yakafurika. Aliye ndani hakabi mtu barabarani. Lakini Kanada nayo mauaji yalishuka miaka hiyohiyo, na haikujaza magereza. Hapo mzee alinyamaza, akaomba kashata.

Hoja ya pili ni madini ya risasi (si ile ya bunduki) yaliyochanganywa kwenye petroli. Moshi wake ukimwingia mtoto huathiri ubongo, hasa sehemu inayozuia papara na hasira. Marekani ilianza kuyapunguza miaka ya 1970, na watoto waliovuta hewa nafuu wakawa vijana miaka ya 1990. Mimi naegemea huku, maana inaeleza kwa nini mabadiliko yalichelewa miaka 20. Ila wataalamu bado wanavutana kuhusu uzito wake.

Hapa kwetu zote mbili zinapwaya. Vurugu za Mtwara za mwaka 2013 hazikutokana na moshi wala uchache wa askari. Watu waliona gesi inapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, wao wakibaki mikono mitupu.