Meza ya Jumamosi: nyota nne, ya tano imeanguka na sarafu ya shilingi kumi

Nianze na bei, kwa maana ndiyo watu huniuliza kwanza. Meza hii ya waandishi wa hadithi haina ada. Unanunua chai yako ya shilingi sitini, na kama ulitoka nyumbani bila kitu tumboni, chapati mbili na madondo. Zaidi ya hapo unakuja na nakala nne za kurasa zako, zisizidi tano, pamoja na moyo wa kuulizwa mbele ya watu: "Dada, huyu mhusika wako ana mikono mingapi?"

Niliulizwa hivyo siku yangu ya kwanza. Mhusika wangu alikuwa amebeba mtoto, ameshika mwavuli, ana kikapu cha sukuma wiki, na papo hapo anamlipa makanga nauli huku akipangusa machozi. Hesabu mwenyewe.

Hoteli iko upande wa Tom Mboya, orofa ya kwanza, hatua chache kutoka Nyaraka za Kitaifa, pale ambapo nusu ya Nairobi humngoja nusu nyingine. Tunakutana kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka wahudumu waanze kupandisha viti juu ya meza. Huwa saba au wanane, wote tunaandika hadithi za kubuni, na jambo ambalo hatujadili kabisa ni kama hadithi ni tamu. Nimepitia vikundi vya kusifiana na vikundi vya kuraruana, vyote vilinichosha. Hapa swali ni moja tu: jambo hili lingetokea hivi kweli? Mimi ni karani wa stoo katika duka la vyuma, kwa hiyo misumari, mabati na nondo ni zangu. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zamu ya usiku, kijana aliyekuwa makanga njia ya Rongai, na mama mwenye kibanda cha mitumba Gikomba. Wengine huja na kupotea.

Ngoja niwape mfano mmoja muone kazi inavyofanyika. Niliandika: "Akawasha jiko, akateleka ugali." Nikadhani nimemaliza. Mama wa Gikomba akaweka kikombe chini. Kaliwashia wapi? Ndani, nikasema. Kwa kitu gani? Kiberiti. Meza nzima ikaguna.

"Makaa hayashiki kwa kijiti cha kiberiti, mwanangu," akasema. "Jiko linawashwa nje, mlangoni. Unaweka karatasi na vijiti, mwenye haraka ananyunyiza mafuta taa, makaa juu, halafu unapepea na kifuniko cha sufuria mpaka mkono uume. Ule moshi wa kwanza unawasha macho. Ukishaisha, pembe za makaa zikianza kuota majivu, ndiyo unaliingiza."

Muuguzi, ambaye alikuwa kimya akila, akaongeza bila kuinua kichwa kwamba hata likiingia ndani mlango usifungwe. Ile gesi ya makaa haina rangi wala harufu, na baridi ya Julai ikibana watu hulala na jiko chumbani wasiamke. Akauliza hadithi yangu iko mwezi gani.

Ilikuwa Julai. Na nilikuwa na mhusika ambaye nilikuwa nimemtafutia njia ya kufa kwa miezi minne. Jioni ile nilipanda matatu nikiwa na furaha ambayo singeweza kumweleza abiria wa kando yangu.

Muuguzi huyo ndiye aliyetutoa pia katika ugonjwa wa kuzimia ovyo. Wahusika wetu walikuwa wakigongwa kichwani, wanalala fofofo saa nzima, wanaamka wanauliza "niko wapi?" na jioni wako harusini. Mtu aliyezimia saa nzima, anasema, haendi harusini. Anapelekwa kupigwa picha ya ubongo. Mama naye alinifundisha kwamba hakuna mnunuzi Gikomba anayesema "mitumba ya daraja la kwanza". Ni kamera. Yale mabaki ya mwisho ni fagia. Maneno mawili tu, na soko langu la kwenye karatasi likaanza kunuka soko. Kijana wa Rongai alimzuia mwenzetu aliyefunga abiria mikanda ndani ya matatu yenye mstari wa njano mwaka 2001, kwa sababu sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi aliyeleta mikanda na mstari huo, zilianza kufanya kazi Februari 2004.

Lakini mjadala ambao ningeulipia hata kiingilio ni ule wa jua la London. Kijana wa Rongai anaandika kuhusu binti wa Kenya anayetunza wazee Uingereza. Mwezi wa Juni, kazini kumekwisha, "jua lilipotua saa kumi na mbili na nusu" binti akampigia mamake. Kumbe mmoja wetu alisoma huko mwaka mzima. Akasema Juni jua la London linazama baada ya saa tatu.

"Saa tatu gani?"

"Ya usiku."

"Usiku na jua linawaka?"

Hapo chai zikapoa. Saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa kutoka kuchwa na kuchomoza, na hapa karibu na ikweta jua halitusumbui: Januari au Julai, kabla ya saa moja limeshazama. Ukizibeba saa hizo mpaka London zinapinda. Mwalimu alishikilia kwamba namba ibaki na neno "usiku" litoke. Mama akataka "saa tatu ya jioni", watu wakamcheka, akakasirika kidogo. Aliyesoma huko akachochea moto: Desemba mambo ni kinyume, saa kumi ya alasiri haijafika na jua limeshazama, je, hiyo mtaiita alasiri? Saa moja na nusu ilikatika. Mwishowe kijana akatuandikia sentensi pale pale nyuma ya risiti: "Simu ilisema saa tatu usiku, na nje watoto bado wanacheza mpira." Tukanyamaza. Hakuna aliyeshinda, na binti yule sasa anaonekana kweli yuko ugenini.

Sasa nyota iliyoanguka.

Riwaya yangu iko mwaka 1982. Mwalimu aliniokoa mara tatu katika ukurasa mmoja. Nilikuwa nimempeleka mhusika kiwandani Industrial Area asubuhi ya tarehe 1 Agosti, siku ya jaribio la mapinduzi, kumbe ilikuwa Jumapili. Redio yake ilikuwa KBC, jina lililokuja 1989. Wakati ule ilikuwa Sauti ya Kenya, VoK. Na ndugu yake alikuwa anajiandaa kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985. Nikafuta, nikashukuru, nikanunulia watu mandazi.

Sura ya tatu, mwanamume anamlipa dada yake deni kwa kurusha sarafu ya shilingi kumi juu ya meza ya baa. Inalia, inazunguka, inalala. Mlio ule ndio sura nzima. Ilipita mezani bila hata kikohozi. Mwenzetu mmoja anayekuja amevaa tai, ambaye sijawahi kumsikia akisema "sijui", alisema anaukumbuka uzito wake mkononi. Jarida moja likaichapisha. Mama yangu mzazi akaisoma, akanipigia simu akicheka: "Mwanangu, shilingi kumi ililia wapi? Ilikuwa karatasi!"

Ni kweli. Shilingi kumi ilikuwa noti. Sarafu yake ilitoka 1994. Jumamosi iliyofuata nilimuuliza mwenye tai. Akasema chai yake inapoa.

Hapo ndipo penye kasoro ya meza hii. Wengi wetu tulizaliwa Moi akiwa tayari Ikulu, na hakuna mtu wa miaka sitini anayeketi nasi. Tukifika zamani tunabahatisha kwa sauti ya mtu anayejua. Kwa jambo la nyuma ya 1990, wasikilize, kisha shuka ngazi uende kusoma magazeti ya zamani Nyaraka, au mpigie mzee wako kabla hajakupigia yeye. Mimi nimeibadilisha ile sura: sasa jamaa anapanga sarafu kumi za shilingi moja, moja baada ya nyingine, na dada yake anahesabu kwa midomo. Sijui kama ni bora. Imekuwa ndefu.

Mengine ni madogo. Usikae dirishani, manamba wa chini watakufunika sauti. Usije na kurasa sita. Ya sita hufungiwa mandazi, nimeiona ikifanyika. Sambusa waachie wenyewe. Jumamosi hii zamu ni yangu, naleta sura ya mazishi, na mama wa Gikomba ameshanitumia ujumbe akiuliza jeneza linabebwa na watu wangapi na nani yuko upande wa kichwa.