Chambo kinachotembea vizuri juu ya maji, na kipete chake cha hovyo

Nimevumilia sana, lakini jibu la muuzaji limenichosha. Acha niandike.

Chambo chenyewe ni kile cha plastiki chenye umbo la sigara, kinachoelea na kuyumba kushoto na kulia ukitikisa ncha ya ufito wa kuvulia. Wavuvi wa besi, samaki mlaji wa wenzake wa maji baridi, wanaijua aina hii tangu Heddon, kampuni ya Marekani ya kutengeneza vyambo, walipotoa chambo chao Zara Spook mwaka 1939. Changu kimetengenezwa na watu wengine, nao umbo wameliiga vizuri, ila kwenye vyuma, yaani ndoana na vipete vya kuzishikia, wamebania.

Kwa mwendo, sina neno. Majira ya kuchipua, maji yalipokaribia nyuzi 15 za Selsiasi, nilikipitisha polepole nyuma ya mawe, nikakiacha kitulie hadi viwimbi viishe, na besi wa mdomo mdogo wakakifuata. (Wakishataga siwagusi. Dume ndiye mlinzi wa kiota. Ukimtoa pale hata kwa dakika chache, samaki wengine wanayala mayai.) Kiangazi ndipo nilipokipenda hasa. Alfajiri na jioni, mwishoni mwa kidimbwi cha mtoni, pale maji yanapopungua kina kabla ya kuporomoka kwenye mawe, walikuwa wanakirukia kwa hasira. Natumia mshipi wa nailoni kwa sababu hauzami upesi. Ule wa fluorokaboni huzama, ukavuta pua ya chambo chini na kukiharibia mwendo. Wala sikazi ufito kwa kusikia mpasuko wa maji tu, nangoja nihisi uzito.

Majani yakianza kupukutika, besi hukimbiza samaki wadogo ili wanenepe kabla ya baridi. Hapo unakiendesha mbiombio. Asubuhi moja, karibu na mwamba uliozama, alitokea mmoja ambaye mgongo wake ulipasua maji nyuma ya chambo. Akakikosa. Sikusimamisha, akarudi, akakizamisha. Nikahisi uzito, nikakaza. Aliruka nikamwona ubavu mzima, rangi ya shaba, ndoana ya tumboni imemshika kwenye pembe ya mdomo. Kisha mshipi ukalegea.

Haukukatika. Fundo lilikuwa imara. Chambo kilirudi kikielea bila ndoana ya tumboni, na kile kipete cha kuishikia kilikuwa kinaning'inia, ncha zake zimeachana hadi ukucha wa kidole gumba unapita katikati. Nilikibana kwa vidole vitupu, kikapinda. Samaki kaondoka na ndoana ya meno matatu mdomoni, na hilo linaniuma kuliko kumkosa.

Nikamwandikia muuzaji, na picha nikaweka. Akanijibu kwamba chambo hiki si cha samaki wakubwa, na pengine nilivuta kwa pupa. Si cha samaki wakubwa! Kwenye pakiti yake wamechora besi mnene kapanua mdomo. Nikauliza, basi kipete kinahimili uzito gani? Kimya. Nilipouliza tena nikaambiwa nisome maelezo. Nimeyasoma yote, kipete hakitajwi popote. Mtu umempelekea ushahidi, anakujibu kama anamfukuza mtoto dukani!

Nilikuwa nimeshaamua ni nyota moja. Lakini nilibadilisha vipete na ndoana, nikakirudisha mtoni kabla maji hayajashuka hadi nyuzi 10, maana baridi ikifika hapo samaki hawa huachana na mambo ya juu na kutafuta vina virefu vyenye maji ya polepole. Kikanipa samaki siku hiyo hiyo. Mwendo ni ule ule mtamu, na ndiyo maana hasira inanizidi: kilichokosekana ni waya mnene kidogo tu!

Basi chambo nakipa nyota tatu. Huduma sitoi hata moja. Ukikinunua, ng'oa vipete vyote kwa koleo kabla hakijalowa, weka vya waya mnene, kisha kijaribu kwenye ndoo: vyuma vikizidi uzito, mkia unazama na kuyumba kunakufa. Mimi kwa muuzaji yule sirudi. Nikikikuta kwa mwingine, huenda nikanunua cha pili.